Uji Haujaiva

Tarehe 4 Machi, mwaka wa arobaini na tatu tangu niondoke

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa njiani siku kumi na tisa, nikaisoma nimesimama mlangoni na koti bado liko mwilini. Usinihesabie kosa kwamba sikukupigia simu. Sikio langu la kushoto limeshastaafu na la kulia linafanya kazi nusu siku, na uliyoniuliza si mambo ya kupigiana makelele.

Unasema waziri amesimama mbele ya kamera kueleza kwa nini zahanati yenu itakabidhiwa kampuni, na kwa nini chumba cha kujifungulia, ambacho kampuni haikitaki, kitafungwa. Unasema alimalizia kwa maneno ya Mkuu wa zamani: "Mtoto akiota meno huachishwa ziwa." Watu wamezoea kudekezwa na serikali, akasema, sasa wasimame wenyewe. Na wewe, mkunga wa chumba hicho kwa miaka kumi na miwili, ulikuwa umempakata mtoto wa dakika tano, ukamkagua ufizi, hukuona hata jino moja. Hapo nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha ukauliza: ni kweli wanayosema wazee wa mtaani, kwamba maneno yale uliyaandika wewe?

Ni kweli.

Nilikuwa mwandishi wa hotuba za Mkuu kwa miaka sita. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili: taipu tatu, madirisha mawili ambayo moja halikufunguka, na kabati la chuma lililokwaruza sakafu kila lilipoguswa. Mkuu hakusoma hotuba mpaka iwe imetiwa alama, na kazi ya alama ilikuwa yangu. Nilitumia penseli nyekundu. Mstari mmoja uliosimama kati ya maneno maana yake vuta pumzi. Mistari miwili maana yake nyamaza, watapiga makofi. Alizitii alama zile kama mwanafunzi mzuri. Yeye alikuwa na sauti na kifua, mimi nilikuwa na penseli.

Sentensi yenyewe sikuitunga. Ni ya marehemu bibi yako. Aliisema jikoni akimsuta jirani mmoja aliyekuwa na haraka ya kumwachisha mtoto, nami nikaibeba mpaka ofisini. Nzima yake ni hii: "Mtoto akiota meno huachishwa ziwa, ila haachishwi uji haujaiva." Hotuba ilikuwa ya kuwahimiza watu wajitegemee, na hiyo nusu ya pili ndiyo iliyobeba ahadi. Siku ile uwanjani Mkuu alifika kwenye neno "ziwa", makofi yakalipuka, naye alipoinamia karatasi tena akaanza aya nyingine. Nusu ya pili haikusikiwa na mtu. Ndivyo ilivyokuwa. Mkuu aliikatiza, basi.

Unasema pia kwamba wapinzani wanamjibu waziri kwa maneno mengine ya Mkuu huyo huyo: "Serikali ni paa, na paa halichagui wa kumkinga." Nayo ni yangu. Kwa hiyo huko kwenu kuna mjadala ambao mimi nabishana na mimi, na kila upande unatangaza kwamba nimeshinda. Mzee wa miaka sabini na tisa, aliyetumia nusu ya maisha yake kusahihisha prufu za vikaratasi vya dawa, "kimoja asubuhi, kimoja jioni, usizidishe," hakutarajia heshima hiyo.

Mama yako anasemaje? Humwandikia kila mwaka mpya. Hajajibu hata mara moja, ila najua anapokea kwa kuwa bahasha hazirudi. Mwambie Kasuku anamsalimu. Jina hilo alinipa yeye, kwa sababu kila alichosema mama jikoni, mimi nilikirudia uani.

Mjomba wako

*

29 Machi, mwaka huu wa watu wote

Shikamoo Mjomba,

Tarehe zako zinanitisha. Nimemwonyesha mama, akasema mfungwa naye huhesabu hivyo, kisha akarudi kwenye mchele wake.

Ngoja nikueleze chumba chenyewe ili ujue tunachokigombania. Kina vitanda viwili. Kimoja kiko dirishani, kingine nyuma ya pazia la kijani ambalo nimelishona mwenyewe mara tatu. Kuna mizani ya watoto, taa ya miguu mitatu inayosimama kwa miwili, na beseni. Mwezi uliopita wamezaliwa humo watoto ishirini na sita. Hospitali kubwa ni mwendo wa saa mbili na nusu gari likipatikana. Hii "likipatikana" ndiyo sentensi yangu mimi, Mjomba, na wala sihitaji penseli nyekundu kuisema.

Kutakuwa na kikao cha kukusanya maoni tarehe 11 Mei, katika ukumbi wa shule. Wafanyakazi wa zahanati wamenichagua mimi niseme. Nimewaambia nikisimama mbele ya watu ulimi unageuka kipande cha mti, wakasema bora mti kuliko daktari wetu, ambaye akianza hamalizi. Sasa naomba moja kati ya mawili. Njoo. Chama chetu cha wafanyakazi kitakuandikia barua ya mwaliko, utashukia kwangu, chumba cha nyuma kina mlango wake. Usimame uwaambie kwa mdomo wako kwamba sentensi ile ilikuwa na nusu ya pili. Nani atakubishia? Na kama miguu haiwezi, niandikie hotuba. Moja tu, fupi.

Juzi kijana wa maabara ameleta kanda ya zamani aliyoipata redioni, tukaisikiliza jikoni kwangu. Nilisikia kila kitu kama ulivyosema. "Huachishwa ziwa." Halafu makofi, makofi, makofi, mpaka kijana akadhani kanda imekwama. Halafu Mkuu anaanza habari za barabara.

Mama alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale muda gani. Nikamwambia, mama, Mjomba anasema Mkuu alimkatiza. Akachukua kanga yake kwenye kiti, akatoka, na kule nje akaniambia kupitia dirishani, taratibu, kama mtu anayeagiza chumvi: "Muulize baada ya 'ziwa' aliweka mistari mingapi."

Sikuelewa, lakini nakuuliza.

Mpwa wako mkunga

*

Tarehe 20 Aprili, mwaka wa arobaini na tatu

Mpwa wangu,

Miwili.

Mwambie hivyo. Niliweka miwili. Nilikuandikia kwamba Mkuu alikatiza, na nimelisema hilo kwa watu wengi kwa miaka mingi, nimelizoea kama mtu anavyozoea meno ya bandia. Lakini mama yako alikuwapo.

Kila Jumapili kabla ya hotuba kubwa nilikuja nyumbani na rasimu. Bibi yako hakujua kusoma, na kwa sababu hiyo nilimwamini kuliko mabingwa wote wa ofisini. Akisinzia, nilifuta. Jumapili ile alikuwa anashona kitambaa cha mto, na mama yako amekaa kizingitini, tumbo limeshaanza kuonekana. Nikasoma. Nilipofika "huachishwa ziwa," kabla sijavuta pumzi, mama yako akacheka na kupiga makofi. "Kasuku huyo, anampeleka mama ikulu." Bibi yako akaficha uso kwa kitambaa.

Nikatoa penseli palepale na kuweka mistari miwili mahali alipopiga makofi. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu, kuweka alama pale watu wanapopiga makofi. Mstari mmoja ungetosha pale. Ningeweka mmoja Mkuu angevuta pumzi na kuendelea. Nilikosea. Lilikuwa kosa la penseli, la mtu aliyezoea kazi yake kupita kiasi. Labda mama yako amenikasirikia miaka yote kwa sababu niliyachukua maneno ya mama yetu nikayarudisha yamekatwa mkono. Ana haki. Mwambie najuta.

Kuja siwezi kuahidi. Nakutumia hotuba. Ni ukurasa mmoja na nusu, nimeiandika kwa siku nne, na usinicheke nikikwambia kwamba usiku wa pili sikuhisi baridi wala njaa. Nilikuwa sijaandika sentensi ya kusemwa kwa sauti tangu nitoke huko. Anza polepole. Aya ya tatu, ile ya mama anayengoja gari "likipatikana" (nimekuibia, samahani), iseme ukimtazama mwenyekiti wa kikao usoni. Nimekutilia alama ili usipotee. Ukizifuata, ulimi hautageuka mti.

Mjomba wako

*

23 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tatu. Naiandika kwa mfuatano, kama tunavyojaza kadi ya mzazi, maana nikiruka nitakosea.

Hotuba yako ilifika siku sita kabla ya kikao. Niliisoma chumbani nimejifungia, na nywele zikanisimama. Ni nzuri mno. Nilijiona nimeshashinda, ukumbi mzima umesimama, waziri amejificha. Nikampelekea mama aione. Hakuisoma. Aliiweka mezani, akapitisha kidole kwenye alama zako nyekundu, mstari baada ya mstari, mpaka akafika aya ya tatu, ile ya mama anayengoja gari. Umeweka miwili hapo, Mjomba. Kati ya mama anayengoja na mtoto wake. Watu wapige makofi hapo.

Akaikunja, akaiweka kifuani. Akasema, "Hii hutaisoma."

Nikamwuliza nitasema nini basi. Akanijibu tutaona. Siku ya kikao nilisimama, nikasema idadi ya watoto, nikasema saa mbili na nusu, ulimi ukageuka mti kama nilivyowaonya, nikakaa. Afisa wa wilaya akasimama kujibu, na bila shaka akafika kwenye mtoto na meno na ziwa. Hapo mama akainuka mstari wa nyuma. Hakuomba nafasi. Akasema, "Maneno hayo ni ya mama yangu, na hayaishii hapo." Akayasema yote. Kisha akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti akaandika kitu, akamwomba mama arudie ile ya uji, akaandika tena.

Tulirudi nyumbani tukijua tumeshinda. Kijana wa maabara alimbeba mama mgongoni hatua tano, mama akimtukana.

Siku tisa baadaye waziri alizungumza redioni. Alisema amefurahi kwamba hekima ya wazee sasa imejulikana kwa ukamilifu. Akaisema sentensi yote, Mjomba, mpaka mwisho, vizuri kuliko mama. Kisha akasema: "Na mimi nawaambia uji umeiva. Kampuni imeupika." Makofi. Kesho yake ililetwa amri: chumba kiwe stoo ya dawa, nikabidhi ufunguo kufikia mwisho wa mwezi. Nusu uliyokuwa ukiililia miaka yote wameichukua siku tisa tu.

Niliporudi na amri ile mkononi nilimkuta mama anafunga kitenge, mswaki na sahani ndani ya mfuko. Akanikalisha. Akaniambia jambo ambalo katika miaka thelathini na minane ya kuwa mwanawe sikupata kulisikia: kwamba mimi si mtoto wake wa kwanza.

Sitalirudia hapa. Ataandika mwenyewe, nitaitia ndani ya bahasha hii. Nataka tu nikuulize, na naomba usinijibu kwa ufundi. Ulijua?

Sasa mama yuko zahanati. Amelala kitanda cha dirishani. Afisa alipokuja na watu wa kuhamisha vitanda, alimwuliza bibi unaumwa nini. Mama akamwambia yuko leba. Afisa akacheka, leba kwa mwanamke wa miaka sitini na minane. Mama akamwambia, "Mwanangu, uchungu ulinishika mlango huu ukiwa umefungwa. Sijamaliza. Ngoja nimalize ndipo ubebe kitanda." Afisa akatoka nje kupiga simu, na mpaka leo anapiga. Jioni walikuja wanawake wawili kukaa naye, jana walikuwa saba. Ufunguo ninao mimi. Nikiukabidhi, chumba kimekwisha. Nisipoukabidhi, kazi imekwisha. Usinitumie maneno, Mjomba. Nijibu tu.

Mkunga

*

24 Mei, kitanda cha dirishani

Kaka Kasuku,

Mwanangu amenisomea ulichoandika, kwamba nilipiga makofi. Ni kweli nilipiga. Nilipiga kwa sababu nilijua kinachofuata. Watu wa uwanjani hawakumjua mama.

Siku ya hotuba nilikuwa na mimba ya miezi sita. Tulikaa kwenye redio, mama na mimi. Ilipofika "ziwa," mama akatabasamu. Makofi yakaisha, tukangoja. Yule akaanza habari za barabara. Mama akasema amesahau, ataisema mwishoni. Tulingoja mpaka wa redioni wenyewe wakafunga matangazo.

Miezi miwili baadaye waraka ulibandikwa kwenye mlango wa chumba hiki. Kimefungwa, kila mtu ajitegemee, na chini ya mhuri maneno ya mama yamepigwa chapa. Aliniuliza kumeandikwa nini. Mimi ndiye niliyemsomea. Tangu siku ile sikumsikia akiyasema tena, hata nilipokuwa namwachisha huyu mkunga.

Siku yangu ilipofika nilikuta kufuli. Wakanipakia kwenye baiskeli. Alizaliwa njiani, wa kiume. Aliishi muda wa kuchemsha maji ya chai. Nilimpa jina lako, lile ulilopewa ulipozaliwa, si Kasuku, maana wakati ule nilidhani kweli wamekukatiza.

Barua zako zote zimo sandukuni. Sikujibu kwa sababu hakuna iliyouliza.

Mimi nina uchungu, siwezi kuandika zaidi.

Kitinda

*

Tarehe 16 Juni, mwaka wa arobaini na tatu na siku mia moja na tano

Mpwa wangu, na Kitinda, maana mtaisoma pamoja,

Nilijua.

Simu ya maandishi ililetwa ofisini Alhamisi, maneno manne: Mtoto wa Kitinda amefariki. Nilikuwa na hotuba ya Jumamosi. Basi la kwenda nyumbani liliondoka saa nane mchana, nililiona kwa dirisha lile lisilofunguka, linapinda kona. Nikakaa nikaandika "Serikali ni paa, na paa halichagui wa kumkinga." Niliitengeneza kwa saa sita. Nilidhani namzika hivyo. Makofi yalikuwa ya sekunde ishirini na mbili, na waraka ulibaki mlangoni ulivyo. Miezi mitano baadaye ofisi ikanipa safari ya masomo, nikaenda, nikakaa. Kama huko nyumbani wanasimulia kwamba nilifukuzwa kwa kumpinga Mkuu, acheni kusimulia. Hakuna aliyenifukuza.

Nilikuandikia kwamba mistari miwili lilikuwa kosa la penseli. Halikuwa. Mkuu alikuwa na tabia moja ambayo ofisi nzima tuliijua, kama mtu anavyojua ni mlango gani wa nyumbani kwake hukwama: akishapigiwa makofi alinyanyua mkono, na alipoinamia karatasi alianza aya mpya. Hakurudi katikati ya sentensi hata siku moja. Kwa hiyo nilipochora mistari ile baada ya "ziwa" nilijua nusu ya pili haitasemwa. Tulikuwa na saa ya kupimia makofi. Nilijua nzima itapata sekunde tano za watu wanaotikisa vichwa, na nusu itapata dakika. Ilipata sekunde arobaini na moja. Nilikuwa nyuma ya jukwaa na saa mkononi, na nilifurahi. Hilo ndilo nililolificha kuliko yote. Kitinda ulikuwa nyumbani unangoja, na mimi nilifurahi.

Unaniambia sikuuliza. Nauliza sasa. Amezikwa wapi? Nani alikuwa nawe kwenye ile baiskeli? Ulimwona macho? Mama aliniulizia? Usinijibu kama hutaki. Nimeandika maswali haya bila kuyafuta, na ni magumu kuyaandika kuliko hotuba zote.

Kuhusu waziri. Miaka yote niliamini nusu iliyopotea ndiyo ingeokoa, na kwamba siku itakapopatikana mambo yatanyooka. Amekuwa nayo siku tisa, naye ameifanya mwiko wa kukorogea uji wa kampuni. Sasa naona bibi yako hakuwa anatoa kanuni ya serikali. Alikuwa jikoni, anamtazama mtoto mmoja, na sufuria iko mbele yake. Anayetaka kujua kama uji umeiva afunue sufuria aonje. Hicho ndicho anachofanya mama yako kwenye kitanda kile. Hakuna hotuba inayoweza kumsogeza, wala yangu.

Umeniomba nisikutumie maneno, nami situmi hotuba. Ndani ya bahasha kuna karatasi moja yenye jina langu kamili na saini. Inasema sentensi ilikuwa ya nani, alama ziliwekwa na nani na kwa nini, waraka ulifunga chumba gani, na mtoto gani alizaliwa njiani. Ni makosa yangu tu, sikuweka hata neno moja la kujisifu. Haina mstari wa penseli popote. Mpe mwenyekiti wa kikao, bandika mlangoni, au iwashie jiko. Kama inakutosha kukataa kukabidhi ufunguo, kataa. Kama ni lazima ukabidhi, mimi si mtu wa kukulaumu. Ila mngoje mama yako amalize.

Mwaliko wa chama chenu nimeupata. Una mhuri mzuri. Nimeuweka mezani siku nane, nikaangalia hata ratiba. Najua kitakachotokea nikija. Mtanipokea, mtanikalisha mbele, watanipa kipaza sauti, na mimi nitakishika. Nitasimulia habari ya mtoto yule, nitaisimulia vizuri, nitajua mahali pa kunyamaza. Watu watalia, kisha watapiga makofi, na Kitinda atakuwa amekaa mstari wa nyuma anahesabu.

Kuna sababu nyingine pia, ndogo na ya kweli zaidi. Naogopa kitanda kile.

Yule mtoto alikuwa na jina langu, nami sikujua mpaka nilipofungua bahasha yako. Miaka arobaini na mitatu nimekuwa nikitia saini kwa jina la mtu aliyelala huko. Kwa hiyo mmoja wetu amekaa nyumbani muda wote, na huyo ndiye mwenye haki ya kuwa huko.

Sitarudi.

Kaka yako, na mjomba wako